Robo Iliyokwisha Kukatwa

Fundi alikuwa na ugonjwa wa mafundi wote: hawezi kupita karibu na kitambaa asikiguse. Hata msibani, watu wanafuta machozi, yeye vidole viko kwenye pazia la wenyewe anapima uzito wake. Na ukimpelekea jora la kushonea, salamu yako ataijibu nusu; kabla hajaimaliza ameshalifungua, ameliinua dirishani, analichungulia kwenye mwanga akitafuta kasoro. Uzi uliokatikia kiwandani, tone la mafuta ya mashine, mahali rangi ilipogoma kushika. Akiiona anaizungushia chaki, kisha anapanga vipimo vyake kwa ujanja mpaka doa lile liangukie kwenye kipande cha kutupwa. Mteja akija kuchukua nguo yake haoni kitu. Kasoro imekatwa, imeingia kwenye gunia la mabaki, na fundi hana habari nayo tena.

Haya nayasema mapema kwa sababu ndiyo yaliyomponza.

Alikuwa anashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani mbili, meza ya kukatia iliyojaa makovu ya mkasi, pasi nzito, benchi la wateja, basi. Cherehani ya pili ni ya mkewe. Mwanamke yule kwa pindo na vifungo hana mpinzani mtaa mzima, lakini mkasi hashiki. Kukata ni kazi ya mume, na tangu wachumbiane hajawahi kuvaa gauni alilokata mtu mwingine. Mumewe akimwambia mita mbili na nusu zinatosha, hapimi tena. Zinatosha.

Kati ya cherehani hizo mbili kulikuwa na kigoda chenye mto, na juu ya kigoda alikaa Meneja. Huyo ndiye binti yao, miaka saba, mwembamba kama nini, macho yana unjano kwa mbali, sweta mwilini hata siku ya jua kali na chupa ya maji mapajani. Jina lake la kuzaliwa wateja walishalisahau. Kutwa anawaamuru. Wewe ulikuja baada ya huyu mama, subiri. Wewe suruali yako haijapigwa pasi, kaa. Watu wazima na ndevu zao wanakaa. Ndivyo baba yake alivyokuja kuitwa Baba Meneja na mama yake Mama Meneja, na mpita njia asiyejua angedhani ukoo mzima unaendesha benki.

Meneja alikuwa na selimundu. Damu yake badala ya chembe za mviringo zinazopita vizuri kwenye mishipa, ilikuwa na chembe zinazojikunja kama mundu, zikakwama, zikaziba njia, na pale zinapokwama mfupa unalia. Walijua alipokuwa hajatimiza hata mwaka. Vidole vya mikono vilimvimba vyote, na vya miguu, mtoto akawa haguswi. Walianza kwa kumkanda, wakaja kwa mafuta, wakaja kwa ushauri wa kila jirani mwenye mdomo, mwisho wakafika hospitali ambako walipaswa kuanzia. Damu ikapimwa. Upande wa mume wakasema ugonjwa huo kwao haupo, upande wa mke nao wakasema kwao ndiyo haujawahi kusikika kabisa, na jamaa wakanuniana kwa muda mrefu juu ya jambo ambalo lilikuwa limetoka pande zote mbili sawasawa.

Maana daktari aliwaeleza. Alikuwa kijana mwenye foleni ndefu mlangoni, akachora mraba kwenye karatasi, akaugawa robo nne. Akasema kila mtu ana maelekezo mawili ya kutengeneza damu, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Baba wa mtoto huyu ana moja zuri na moja baya. Mama vilevile. Wao hawaumwi kwa sababu lile zuri linatosha kuwabeba. Lakini kila mmoja humpa mtoto elekezo moja tu, bila kuchagua. Robo hii, mtoto anapata mazuri yote mawili. Robo hizi mbili, anapata zuri na baya, anakuwa kama nyinyi, mzima. Na robo hii ya mwisho, akaipaka wino yote ikawa nyeusi, anapata baya na baya. Mmoja kati ya wanne, alisema. Mna swali?

Hawakuwa na swali. Mtoto anakulilia mapajani vidole vimevimba, swali unalitoa wapi?

Lakini fundi aliuona ule mraba, na yeye mraba uliogawanywa nne anaujua tangu ujana wake. Ni kitambaa. Kimekunjwa mara mbili, kimekunjuliwa, kimelala mezani, na robo yake moja ina doa. Akaikata akilini mwake palepale. Robo yenye doa imeshatoka, ndiyo hii hapa inalia, na Mungu anajua aliipenda robo ile kuliko nafsi yake. Zilizobaki tatu ni safi. Hakumwambia mtu. Kwake lilikuwa jambo lililo wazi, kama ambavyo hukai ukamwambia mtu kwamba shati lina mikono miwili.

Miaka ikaenda. Mama Meneja alikuwa anachoma sindano za uzazi wa mpango kwa bidii ya mtu anayefunga mlango na kurudi kuujaribu kitasa. Watu walipouliza mdogo wake Meneja yuko wapi, alikuwa anacheka na kusema Meneja hajaidhinisha. Moyoni alikuwa anaogopa. Alishakaa wodini mara zisizo na idadi, alishamshikilia mwanawe akiwekewa damu ya watu, alishamsikia akiomba miguu yake ikatwe. Alijiapiza hatamleta mtu mwingine duniani kuja kupata hayo.

Fundi naye alikuwa na yake. Tuseme ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuusema: alitaka mtoto wa kukimbizana naye. Alitaka kumrusha mtoto juu na kumdaka bila kwanza kutazama kama ana homa. Na nyuma ya hilo kulikuwa na jingine baya zaidi. Kila Meneja alipolazwa, alikuwa anawaza nyumba itakavyokuwa kile kigoda kikibaki kitupu, kisha anajichukia kwa kuwaza.

Mchana mmoja wateja hakuna, Meneja amelala chumba cha ndani, akamwita mkewe kwenye meza ya kukatia. Akachukua chaki, akachora mraba, akaugawa. Akaipaka chaki robo moja, kisha akaifuta kwa kiganja mpaka meza ikabaki kavu. Akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini kitambaa chake kinatosha. Hii ilishatoka. Zimebaki hizi.

Mkewe alizitazama kwa muda mrefu.

"Una uhakika?"

"Mimi nimewahi kukukatia vibaya?"

Hakuwahi. Hata mara moja. Na mwezi ule mama wa watu hakwenda kuchoma sindano.

Mimba ilipoingia, nyumba ilichangamka. Walimwambia Meneja mapema mno, kama kawaida ya watu wenye furaha, na Meneja akalichukua jambo hilo kama amepewa mfanyakazi mpya. Akataka kujua ana ukubwa gani. Mama akarudi na majibu kutoka kliniki: mwanzo kabisa alikuwa kama punje, hata umbo hana, lakini moyo wake ulikuwa umeshaanza kudunda kabla sisi hatujajua kama yupo. Sasa ana vidole, kimoja kimoja, na kucha zinakuja. Baadaye ataanza kusikia. Siku alipoambiwa kwamba sasa mtoto anasikia, Meneja aliweka mdomo kwenye tumbo la mama yake, akatoa amri zake kwa sauti ya ofisini: akae vizuri, asimpige mama mateke, na akitoka ajue kigoda kina mwenyewe. Wateja walicheka mpaka mmoja akajichoma pini za kiunoni.

Kliniki ile ya kina mama ilikuwa na mkunga mmoja wa makamo, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, ambaye watu wote walimwita Mama Mkunga. Siku moja fundi alimsindikiza mkewe, akakaa kwenye kiti cha pembeni. Mama Mkunga alipotoa utepe wa kupimia na kuulaza juu ya tumbo, kuanzia mfupa wa kinena kwenda juu, fundi alinyoosha shingo kuangalia kama anaushika sawa. Anaushika sawa. Akaridhika, akajisikia yuko kati ya watu wa kazi, na ulimi ukalegea.

Mama Mkunga akauliza habari za mtoto wa kwanza, naye fundi akajibu kwa niaba ya mkewe. Akaeleza selimundu, akaeleza wodi, akaeleza vidonge. Halafu akatabasamu, akasema huyu wa sasa hawana wasiwasi naye, kwa sababu robo ile yenye ugonjwa walishaikata kwa yule wa kwanza.

Mama Mkunga aliukunja utepe taratibu. Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

"Fundi," alisema, "hilo jora ulilomkatia mtoto wa kwanza lilikwisha siku ileile. Hili ni jora jipya, limetoka kiwanda kilekile."

"Na doa?"

"Robo yake ipo palepale. Kila mimba inaanza upya. Huyu anaweza kuwa mzima, na uwezekano wa uzima ni mkubwa. Lakini yule wa kwanza hakumlipia huyu."

Akaendelea kueleza kwa upole, kwamba ameona wazazi kama wao wakazaa wanne wote wazima, na ameona wengine wakazaa wagonjwa wawili mfululizo, kwa sababu yai na mbegu zinapokutana hazimuulizi mtu aliyetangulia alipata nini. Akasema viko vipimo vya kuchota maji ya mimba na kujua kabla mtoto hajazaliwa, ila hapo kwao havifanywi. Mtoto akizaliwa watamtoboa kisigino, damu itapelekwa maabara, ndipo watajua. Fundi alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa adabu. Mkewe alishashuka kitandani. Alikuwa ameinama anatafuta viatu vyake, na kwa sababu ya tumbo hakuwa anaviona, na mumewe hakuthubutu kwenda kumvalisha.

Njiani mwanamke alitangulia. Walipofika akakaa kwenye cherehani yake, akavuta sketi ya shule ya mtoto wa watu, akaanza kupiga pindo. Fundi akazungukazunguka pale dukani, mara apange uzi ambao ulikuwa umepangwa, mara afute pasi. Mashine ikasimama.

"Nilikuuliza kama una uhakika."

"Nilikuwa nao," alisema fundi.

Na hilo ndilo lililomuumiza mkewe kuliko kudanganywa. Mtu aliyekudanganya utamtukana, utamfukuzia sebuleni, siku zitapita. Huyu alimpenda, akamwambia anachokiamini, akakikosea, na tumbo ni la kwake yeye. Alikanyaga mashine tena, akaendelea na pindo. Kuanzia siku hiyo aliongea na mumewe mambo ya nyumbani tu. Chumvi imekwisha. Mtu wa suti amekuja. Usiku mwema.

Fundi akapoteza mkono. Anapima kitambaa, anapima tena, anaweka mkasi ukingoni halafu anautoa. Wateja wa siku zote wakaanza kulalamika kwamba kazi inachelewa, na Meneja kwenye kigoda chake akawa na kazi ngumu ya kuwatuliza. Mtoto yule hakuwa mjinga. Aliona baba hakati na mama haongei, na akajua tu linamhusu yule aliyeko tumboni, kwa sababu hakuna tena aliyekuwa anamletea habari za vidole na kucha.

Siku moja mama yake alikuwa anapiga pasi, akili haipo, midomo inachezacheza. Anaomba. Alikuwa ameanza kuomba hivyo kila alipokuwa na kazi ya mikono. Sauti ikamponyoka kidogo.

"Mungu wangu, asiwe kama..."

"Kama nani, mama?"

Meneja alikuwa amegeuka kwenye kigoda anamtazama. Mama akasema asiwe mkaidi kama shangazi zake, akacheka, akaendelea kupiga pasi mahali ambapo palishanyooka. Meneja akanywa maji yake. Hakuuliza tena, na mama akadhani yamekwisha.

Kisha mvua zikaja na baridi yake, na baridi ndiyo adui wa watoto hawa. Meneja alianza kwa kulalamika goti, mpaka asubuhi ilikuwa miguu yote na mgongo. Wakamkimbiza hospitali. Mama kwa hali yake hakuweza kulala chini wodini, kwa hiyo fundi ndiye aliyekaa naye. Dripu mkono mmoja, dawa ya maumivu, na kazi ya baba ni kumlowekea vitambaa kwenye maji ya moto, kuvikamua na kumzungushia miguuni kabla havijapoa. Kazi hiyo aliijua. Aliifanya bila kuinua kichwa.

Siku ya pili mchana dawa ilikuwa imeshika kidogo. Meneja alikuwa amelala chali anaangalia dari.

"Baba. Mtoto akitoka akiwa kama mimi, mtamchukia?"

"Wewe tunakuchukia?"

"Hapana. Lakini mama anaomba."

Fundi alikamua kitambaa mpaka hakikuwa na maji tena. Akamwambia mama yake anaomba mtoto asipate maumivu, basi. Haombi asifanane na yeye. Akamwambia hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Meneja alifikiri, kwa sura ileile anayomfikiria mteja anayedai alitangulia foleni.

"Lakini si mimi ndiyo naumia?" alisema.

 Fundi aliinuka kwenda kubadilisha maji, na kule kwenye mabomba akasimama na ndoo yake, mtu mzima analia mbele za watu, kina mama wanaofua wakampisha bila kusema neno. Aliona alichofanya. Alikuwa amemweka mwanawe upande wa kasoro tangu siku ya mraba ule. Kwa mapenzi yote, kwa sweta na vitambaa vya moto, kichwani mwake Meneja alikuwa ni robo iliyokatwa ili nyingine ziwe safi. Na mtoto alikuwa amelijua hilo pasipo kuambiwa.

Walipotoka hospitali alimweleza mkewe maneno ya Meneja. Mkewe akaenda akamkumbatia binti yao kwa nguvu mpaka Meneja akalalamika kwamba anambana pumzi. Kuomba hakuacha, mama gani angeacha? Ila alihamia uani kuombea huko.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mzito, sauti yake ikasikika mpaka korido. Walimtoboa kisigino wakachukua matone ya damu, na wazazi wakaambiwa wasubiri wataitwa.

Kusubiri kule, jamani. Fundi alikuwa anamchukua mtoto kila asubuhi, anamwinua dirishani kwenye mwanga, anamgeuza viganja, anamwangalia weupe wa macho. Hana unjano. Vidole vimenyooka, vinashika kidole chako vikang'ang'ania. Ananyonya, analala, anaongezeka. Taratibu fundi akaanza kupata moyo. Mkono ukamrudia, akamaliza suti mbili. Mkewe naye, akimwona mtoto anavyopiga mateke, alianza kumjibu mumewe kwa sentensi ndefu kidogo, na mara moja alimcheka kwa kumvalisha mtoto nguo kinyume. Meneja alihamisha kigoda chake kikawa karibu na kitanda cha mtoto. Alimkagua mwanzo mwisho, akasema anafaa ila hana meno.

Walipoitwa, ilikuwa pia siku ya Meneja ya kuchukua vidonge vyake, wakaenda wote wanne. Mama Mkunga aliwaona kwenye benchi, akaacha alichokuwa anafanya, akaja kuwachukua mwenyewe. Akawaingiza chumbani na kufunga mlango. Fundi alipoona mlango unafungwa, alijua.

"Ni kama dada yake," alisema Mama Mkunga.

Mama Meneja alimvuta mtoto karibu na kifua. Fundi ndiye aliyeanza kubisha. Akasema pengine maabara wamechanganya, akasema amtazame mwenyewe, amtazame mikono. Mtoto wa selimundu wanamjua, wamemlea mmoja. Huyu hana uvimbe, hana homa, hana unjano. Alifungua shuka akamwonyesha miguu.

Mama Mkunga alimwacha amalize. Kisha akawaeleza kitu ambacho miaka yote saba hakuna aliyewahi kuwaeleza. Mtoto akiwa tumboni hatumii damu kama yetu. Ana damu yake ya tumboni, ya kuvutia hewa kutoka kwa mama, na hiyo haijikunji hata kama mtoto ana ugonjwa. Anazaliwa akiwa bado nayo. Ndiyo inayomlinda sasa hivi. Lakini mwili unaiacha kidogokidogo, unatengeneza ile ya kudumu, na baada ya miezi michache ile ya tumboni inakuwa imebaki kiasi kidogo tu. Hapo ndipo vidole huvimba. Akasema safari hii wamewahi. Ataanza dawa za kumkinga na maambukizi leo, chanjo zake zote zitafuatwa, na akifika umri wake atapewa dawa ambayo Meneja alichelewa kuianza. Watoto wengi wanakua, wanasoma, wanazeeka. Alisema hayo bila kuyapamba, na yalikuwa kweli.

"Kwa sasa," alimalizia, "huyu haumwi popote."

Meneja alikuwa amesimama ameegemea meza. Watu walikuwa wamemsahau.

"Na mimi nilikuwa nayo hiyo damu?"

Mama Mkunga akamgeukia. "Ulikuwa nayo, mwanangu."

"Nilikuwa siumwi popote? Hata miguu?"

"Hata miguu."

 Meneja akakunja uso, akaangalia sakafu, akaonekana anatafuta. Walimsubiri, hawakujua kwa nini wanamsubiri.

"Sikumbuki," alisema.

Walirudi nyumbani. Duka hawakufungua. Mama alimnyonyesha mtoto akashiba, akamlaza kitandani katikati, akamfunika, akakaa ukingoni mikono imelegea. Fundi alisimama mlangoni hajui aingie au abaki. Wote wawili walikuwa wanamwangalia yule mtoto macho yakianza kumlegea kwa usingizi.

Meneja alipanda kitandani na sweta lake. Akafunua shuka miguuni, akaanza kumtekenya mtoto unyayo. Mtoto akashtuka, akakunja uso, akafumba tena. Meneja akatekenya tena.

Mama akamwambia amwache mwenzake alale.

"Asilale."

"Meneja. Mtoto mdogo lazima alale."

"Akilala ile damu ya tumboni itaisha hajaiona," alisema Meneja, na sasa sauti ilikuwa inamtetemeka. "Mimi mlinilaza. Huyu msimlaze."

Hapo ndipo Mama Meneja alipolia, kilio alichokuwa nacho tangu siku alipotafuta viatu vyake chini ya kitanda cha kliniki. Fundi akaingia, akakaa chini sakafuni karibu na magoti yake, naye mkewe akamwekea mkono kichwani akauacha hapo. Kisha akafuta uso kwa kanga, akamwinua mtoto na kumkalisha mapajani mwa Meneja, kichwa kikiwa kimeegemea kwenye sweta. Mtoto akafumbua macho, akawatazama mmoja mmoja, akapiga mwayo.